Utabiri wa msimu wa besiboli 2026: hizo namba zinatoka wapi na uziamini kiasi gani

Kila mwaka ikishafika Februari hivi, kabla hata mpira mmoja wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, haujarushwa, namba zinaanza kumwagika. Dodgers watashinda mechi tisini na kitu, White Sox watapoteza mia, Mets wana asilimia kadhaa za kuingia mtoano, na kila anayefuatilia mchezo ana zake. Msimu wa 2026 unafunguliwa tarehe 25 Machi, Yankees wakiwa wageni wa Giants kule San Francisco, kwa hiyo ndo kipindi chake hiki. Na huku kwetu wapo wengi wanaokutana na besiboli kwenye app za kubeti tu, mechi za Ulaya zimeisha, saa nane usiku za New York ndo zinaanza, za Los Angeles mpaka alfajiri huko, mtu anaona Yankees wanacheza na White Sox anasema hii banka haina mjadala, anaamka asubuhi mkeka umechanika na hajui kwa nini timu kubwa vile imepigwa na timu ya mkiani. Hiyo sababu ndo nataka tuifumue taratibu, manake ukiielewa hiyo umeelewa pia utabiri wa msimu mzima unavyotengenezwa, na utajua namba ipi ina uzito na ipi ni ya kupigia stori.

Kwanza ukubwa wa msimu wenyewe. Timu ni 30, zimegawanywa ligi mbili, American na National, kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano, na kila timu inacheza mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, yaani karibu kila siku ya Mungu wanacheza. Mwaka jana timu iliyoongoza kwa ushindi kuliko zote ilikuwa Brewers wa Milwaukee, 97 kwa 65. Soma tena hapo, timu namba moja ya mwaka mzima ilipigwa mara 65. Na waliokuwa wa mwisho kabisa, Rockies wa Denver, walishinda 43 na kupoteza 119, msimu mbaya mno, lakini ni mara 43 watu wametoka uwanjani wanashangilia. Huku kwetu Simba au Yanga wakipoteza mechi tatu kwenye ligi tayari watu wanamtaka kocha aondoke. Kwenye besiboli ukishinda asilimia 60 ya mechi zako wewe ni timu bora sana, ukishinda asilimia 40 we ni wa chini kabisa, na dunia yote ya ligi hii inaishi hapo katikati.

Kwa nini iko hivo? Sababu kubwa ni mrushaji. Mtu mmoja ndo anaanza kurusha mpira kwa wapigaji wa upande wa pili na ndiye anayeamua sehemu kubwa ya mechi, na mkono wa binadamu hauwezi kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 155 au 160 kwa saa mara 90 leo halafu kesho arudie, kwa hiyo timu inakuwa na warushaji watano au sita wanaopokezana. Detroit wana Tarik Skubal ambaye amechukua tuzo ya mrushaji bora wa American League 2024 na 2025 mfululizo, ila unampata siku moja katika tano au sita, siku zingine unacheza na Detroit nyingine kabisa. Hili watu wanaoangalia jina la timu tu kwenye mkeka hawalioni. Sababu ya pili ni mpira wenyewe unavyoangukia. Mpigaji anaweza kuugonga vizuri kabisa, kwa nguvu zote, ukaenda moja kwa moja kwenye glovu ya mtu, na anayefuata akaugusa vibaya kwa ncha ya gongo ukadondoka taratibu pale ambapo hakuna mtu akafika besi, yaani kituo anachokimbilia mpigaji. Kwa ligi nzima mipira inayopigwa ikabaki ndani ya uwanja, karibu 3 katika 10 inageuka kuwa pigo la kufika besi, na mwaka 2001 jamaa mmoja anaitwa Voros McCracken alionyesha kitu kilichowashtua wengi, kwamba mrushaji hana udhibiti mkubwa wa hiyo namba kama watu walivyodhani, mwaka huu inakuwa juu mwaka ujao inashuka, na mtu ni yule yule.

Sasa hapa kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayesoma utabiri aijue. Chukua timu ya katikati kabisa, ambayo uwezo wake wa kweli ni kushinda nusu ya mechi, yaani 81. Mfanye kila mechi iwe kama kurusha shilingi juu, mara 162. Hutapata 81 kila msimu. Mara mbili katika tatu utapata kati ya 75 na 87, na mara moja katika ishirini hivi utatoka nje ya 69 mpaka 93. Hapo hakuna aliyeumia, hakuna aliyeuzwa, hakuna kocha mbaya, ni bahati peke yake. Na kwa kuwa timu ziko 30, maana yake karibu kila mwaka utakuta timu moja au mbili zimesogezwa ushindi 13 au zaidi na bahati tu, halafu magazeti yanaandika wee kuhusu moyo wa ushindi chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo hata ungepewa kompyuta inayojua uwezo wa kweli wa kila timu, bila kukosea hata kidogo, bado kwa wastani ungekosea kama ushindi 5 kwa kila timu. Hiyo ndo sakafu, hakuna mtabiri anayeweza kushuka chini yake labda mwaka mmoja kwa kubahatisha. Kwa hiyo ukisoma "timu hii 88" we kichwani isome "kati ya 78 na 98 hivi, katikati yake ni 88", manake juu ya bahati unaongeza na majeruhi na makosa ya makadirio yenyewe.

Haya, hiyo 88 inapikwaje? Hawaanzi na timu, wanaanza na mchezaji mmoja mmoja. Iko mifumo kadhaa inayojulikana, PECOTA ambayo aliitengeneza Nate Silver miaka ya 2000 mwanzoni kwa ajili ya Baseball Prospectus, wachambuzi wa takwimu za besiboli, ZiPS ya Dan Szymborski, Steamer, na iko moja ndogo sana inaitwa Marcel ya Tom Tango, ambayo yeye mwenyewe aliitoa kama kiwango cha chini kabisa, yaani kama mfumo wako wa kifahari hauwezi kuishinda hii basi huna kazi uliyofanya. Naipenda Marcel kwa sababu unaweza kuifanya kwenye kalkuleta ya simu, na mifumo mikubwa kimsingi inafanya kitu hicho hicho kwa undani zaidi.

Tumchukue Cal Raleigh, mdakaji wa Seattle Mariners, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji. Mwaka 2023 alipiga homurani 30, zile za mpira kutoka nje ya uwanja kabisa, 2024 akapiga 34, 2025 akapiga 60. Sitini! Hakuna mdakaji aliyewahi kufika hata 50, rekodi ilikuwa 48 za Salvador Perez mwaka 2021. Mshabiki anauliza 2026 atapiga 65? Marcel inasema hivi: mwaka wa karibuni mpe uzito 5, wa kabla yake 4, wa kabla ya huo 3. Kwa hiyo 60 mara 5, jumlisha 34 mara 4, jumlisha 30 mara 3, unapata 526. Fanya hivo hivo kwa mara alizosimama kugonga, 705, 628 na 569, unapata 7,744. Halafu ndo inakuja hatua ambayo watu wanaichukia, unamchanganyia kiasi cha mchezaji wa kawaida wa ligi, mara 1,200 za kugonga kwa kiwango cha wastani ambacho ni kama homurani 3 kwa kila mara 100, yaani unaongeza 36 juu na 1,200 chini. Jumla 562 kwa 8,944. Ukimpa mara 600 za kugonga inatoka karibu 38. Umri hauna cha kurekebisha kwa sababu msimu huu ana miaka 29, na hapo ndo mfumo unaposema mtu hapandi wala hashuki.

Thelathini na nane, kwa mtu aliyetoka kupiga 60. Najua inavyouma ukiwa mshabiki wa Seattle, inaonekana kama dharau. Lakini fikiria, ili mtu apige 60 lazima vitu viwili viwe vimekutana, kwanza ni mkali kweli, pili mwaka ule mambo yalimwendea. Ule ukali unabaki nao mwaka ujao, yale mengine hayana ahadi. Kwa kuwa hatuna kipimo cha kutuambia ngapi katika zile 60 zilikuwa ukali na ngapi zilikuwa upepo na mipira iliyopita ukuta kwa kidole, tunamrudisha nyuma kidogo kuelekea kawaida yake na kawaida ya ligi. Na 38 kwa mdakaji bado ni namba kubwa mno. Hii ya kurudi katikati inafanya kazi pande zote mbili, aliyekuwa na mwaka mbovu anapandishwa. White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi, wakavuka wale Mets wa 1962 waliopoteza 120, na mwaka uliofuata bila miujiza yoyote wakashinda 60, ushindi 19 zaidi. Bado wabovu, ila wabovu wa kawaida.

Mifumo mikubwa inaongeza mambo. Umri kwanza, wapigaji wengi wanakuwa kwenye kilele kati ya miaka 26 na 29 halafu wanaanza kushuka taratibu. Uwanja pia, Coors Field ya Denver iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi mpira unasafiri mbali, kwa hiyo namba za mpigaji wa Rockies lazima zipunguzwe na za mrushaji wao zipandishwe (na Nairobi iko juu zaidi ya Denver, kwa hiyo siku ligi kubwa ikichezwa pale warushaji watapata tabu). Halafu kuna vijana wanaotoka ligi za chini, hao namba zao zinatafsiriwa, kwamba aliyepiga hivi daraja la pili akipanda juu atapiga vile. Hapo ndo utabiri unakuwa dhaifu zaidi, na hapo ndo walipo hata wenzetu, kama David Matoma, mrushaji wa Uganda aliyesainiwa na Pirates. Kwa kijana aliyejifunza mchezo Uganda, ambako timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League mwaka 2012, kompyuta haina watu wengi wa kumlinganisha nao, na mwenye macho aliyekaa uwanjani anaweza kuona kitu ambacho hesabu haijakiona.

Ukishapata makadirio ya kila mtu unagawa muda wa kucheza, nani atarusha raundi ngapi (mechi moja ina raundi tisa), nani atagonga mara ngapi, na hii bado inafanywa na binadamu kwa sehemu kubwa na ndo inapoingia makosa mengi. Kisha unageuza yote kuwa pointi, timu itafunga ngapi na itafungwa ngapi. Na kutoka pointi kwenda ushindi kuna fomula ya Bill James, baba wa takwimu za besiboli, ambayo ni rahisi ajabu: zidisha pointi ulizofunga kwa zenyewe, zidisha ulizofungwa kwa zenyewe, kisha gawa ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Unapata asilimia yako ya ushindi.

Tuijaribu kwa timu ya kweli, Texas Rangers wa 2016. Walifunga pointi 765 wakafungwa 757. Ni tofauti ya pointi 8 tu kwa msimu mzima. Fomula inawapa ushindi 82. Wao walishinda 95, wakaongoza American League yote. Ilikuwaje? Mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja walishinda 36 wakapoteza 11. Ukimuuliza mshabiki wao wakati ule angekwambia hawa watu wana roho ya chuma, wanajua kumaliza mechi. Watabiri wakasema hapana, hii haijirudii, na mwaka 2017 Rangers wale wale wakashinda 78. Ndo maana mtabiri akianza kuiangalia timu ya mwaka jana haangalii sana ilishinda ngapi, anaangalia pointi.

Ila sheria hiyo nayo usiishike kama msahafu. Mariners wa 2021 walishinda 90 huku wakiwa wamefungwa pointi 51 zaidi ya walizofunga, kitu cha ajabu kabisa, kila mtu akasema mwaka ujao wanaanguka. Mwaka 2022 wakashinda 90 tena na kuvunja ukame wa kutoingia mtoano tangu 2001. Lakini ukichungulia pointi safari hii walikuwa mbele kwa 67. Ushindi ni ule ule, timu ni tofauti, ilikuwa imekomaa kweli. Fomula haikukosea kuhusu 2021, ilichoshindwa kuona ni vijana waliokuwa wanakuja.

Kuna kitu kingine kinawachanganya watu sana kwenye dirisha la usajili. Kanuni ya mkononi ni kwamba pointi 10 za ziada ni sawa na ushindi mmoja. Timu iliyojazwa wachezaji wa kuokota tu, wale unaowapata bila jasho kutoka ligi za chini, inakadiriwa kushinda 48 hivi kwa msimu. Kila mchezaji mzuri anaongeza juu ya hapo. Sasa Dodgers wamemchukua Kyle Tucker kwa miaka minne dola milioni 240, mchezaji mkubwa kweli, na miaka yake ya karibuni amekuwa akiongeza ushindi kama 4 au 5 kwa msimu. Basi. Hata Aaron Judge kwenye miaka yake ya moto kabisa anaongeza 10 au 11, na huyo ni mmoja duniani. Linganisha na ile bahati inayosogeza timu 6 juu au chini bila kuomba ruhusa. Kwenye kikapu ukimleta mtu mmoja mkubwa timu inageuka, kwenye besiboli nyota mmoja anasimama kugonga mara moja katika tisa kama wengine wote. Juan Soto alisaini na Mets Desemba 2024, miaka 15 dola milioni 765, mkataba mkubwa kuliko wote, akacheza vizuri tu, na tarehe 12 Juni 2025 Mets walikuwa 45 kwa 24, rekodi bora ya ligi nzima. Wakamaliza 83 kwa 79, sawasawa na Cincinnati Reds, na kwa kuwa Reds waliwazidi walipokutana wenyewe, Reds wakaingia mtoano Mets wakaenda nyumbani siku ya mwisho ya msimu. Ushindi mmoja katika 162. Hakuna mfumo duniani unaoweza kukwambia Machi nani atapata ule mmoja.

Ndo maana hatua ya mwisho ya watabiri sio kutoa namba moja, wanauchezesha msimu mzima kwenye kompyuta maelfu ya mara na kuhesabu, timu fulani imeingia mtoano mara ngapi. Ikiingia mara 62 katika kila 100 wanaandika asilimia 62, na hiyo asilimia ndo taarifa yenye afya kuliko ile 88. Watu wanaisoma vibaya pia, wanaona asilimia ndogo wanasema haiwezekani. Detroit Tigers tarehe 10 Agosti 2024 walikuwa 55 kwa 63, wameshauza wachezaji, tovuti ya takwimu FanGraphs ikawapa asilimia 0.2 za kuingia mtoano. Wakashinda 31 katika 44 zilizobaki wakaingia. Mwaka uliofuata ikawageukia, Cleveland walikuwa nyuma yao kwa mechi 15 na nusu mwezi Julai na wakawapita, hakuna kundi lililowahi kuona pengo kubwa kama lile likifutwa. Hii asilimia 0.2 haikuwa ujinga wa FanGraphs. Ukiwa na timu 30 kila mwaka, miaka nenda rudi, kitu cha mara moja katika 500 lazima siku moja kitokee mbele yako.

Lakini yako makosa ya kweli pia na nisiyafiche. PECOTA mwaka 2015 iliwapa Kansas City Royals ushindi 72. Royals wakashinda 95 na kubeba World Series, ile fainali ya ubingwa. Hiyo ni 23 nje, bahati peke yake haielezi. Royals walikuwa na vitu ambavyo hesabu za wakati ule zilivipa thamani ndogo, ulinzi wa uwanjani wa hali ya juu, warushaji wa kumalizia mechi ambao ukifika raundi ya saba uko nyuma umekwisha, na wapigaji ambao hawakosi mpira hovyo. Mwaka jana Brewers nao wengi waliwaona timu ya katikati, wakamaliza na 97. Mimi naamini kuna timu chache zinazofanya kazi ndogo ndogo vizuri kuliko kompyuta inavyoweza kuona, na Milwaukee ni mojawapo, manake hii sio mara ya kwanza wanafanya hivi.

Majeruhi ndo jinamizi lenyewe. Kiwiko cha mrushaji kina kano moja ya ndani ambayo ikichanika anafanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, na anakaa nje mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu. Gerrit Cole wa Yankees alifanyiwa Machi 2025, msimu mzima ukapita hajarusha. Corbin Burnes alisaini Arizona dola milioni 210 kwa miaka sita, ilipofika Juni 2025 kiwiko kimekwenda. Kompyuta inajua kwamba katika warushaji watano kuna mtu ataumia, haijui ni nani, kwa hiyo inakata kidogo kwa kila mmoja. Matokeo yake ni kwamba timu yenye warushaji wanane wa kueleweka ina thamani kuliko yenye wawili wakali na wengine wa kubahatisha, hata kama majina yake hayavutii. Dodgers mwaka jana wapo waliosema watavunja rekodi ya ushindi 116, warushaji wao Snell akaumia, Glasnow akaumia, Sasaki akaumia, wakamaliza 93. Lakini kwa kuwa kabati lao limejaa, Oktoba walikuwa na watu.

Na msimu huu kuna jipya ambalo hakuna data ya kutosha. Kuanzia 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kugusa kofia yake kupinga uamuzi wa refa kuhusu mpira uliorushwa, kama umepita ndani au nje ya eneo halali la mpigaji, na mashine inaamua papo hapo. Kila timu inaanza na rufaa mbili kwa mechi, ukishinda rufaa unabaki nayo. Inaonekana ndogo, ila kuna wadakaji wanaolipwa kwa sababu ya kipaji cha kuupokea mpira ulio nje kidogo na kumfanya refa auone wa ndani, Patrick Bailey wa Giants ndo bingwa wa kazi hiyo, sasa thamani yake itapungua kiasi gani? Kumbuka 2023 walipoongeza ukubwa wa besi na kuweka saa ya kumbana mrushaji asichelewe, kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, kuliruka kutoka 2,486 mwaka 2022 mpaka 3,503. Mabadiliko ya sheria yanafanya mwaka wa kwanza wa utabiri kuwa mgumu.

Sasa kwenye mtoano ndo kabisa. Timu 12 zinaingia, sita kila ligi, mbili bora za kila ligi zinaruka raundi ya kwanza, halafu ni mfululizo wa mechi tano, saba, na saba. Fanya timu yako iwe bora kiasi kwamba kila mfululizo ina nafasi asilimia 60, ambayo kwa besiboli ni nyingi. Mara tatu mfululizo, 0.6 mara 0.6 mara 0.6, unapata asilimia 22 kasoro. Yaani timu bora kabisa bado mara nne katika tano haibebi. Seattle wa 2001 walishinda 116 wakatolewa na Yankees kabla ya fainali. Mwaka 2023 Braves walikuwa na 104, Orioles 101, Dodgers 100, wote watatu wakatoka kwenye raundi yao ya kwanza kucheza, wakapata ushindi mmoja kwa pamoja, na World Series ikachezwa na Texas iliyoshinda 90 na Arizona iliyoshinda 84. Kwa hiyo anayekuandikia bingwa Machi kwa uhakika, muulize anawapa asilimia ngapi.

Na mimi naweka zangu. Dodgers ushindi 96, wamebeba 2024 na 2025, wamemwongeza Tucker na Edwin Díaz wa kumalizia mechi, wakibeba tena watakuwa wa kwanza kufanya hivo mara tatu mfululizo tangu Yankees wa 1998 mpaka 2000, na nafasi yao naiweka moja katika tano, kubwa kuliko ya mwingine yeyote. American League nawapa Mariners, 91, hata Raleigh akishuka mpaka 40, warushaji wao ni wengi na wazuri, na ndio timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series, mwaka jana waliikosa kwa mechi moja. Blue Jays waliotoka 74 mpaka 94 nawarudisha 88, wamempata Dylan Cease lakini Bo Bichette kaenda Mets, na George Springer akiwa na miaka 36 simuoni akirudia zile homurani 32. Mets wamempoteza Pete Alonso na Díaz, wamempata Bichette na Freddy Peralta, 89. Brewers bila Peralta kompyuta zitawashusha, mimi nawaacha kwenye 88. Orioles waliomchukua Alonso wanapanda kutoka 75 mpaka 84. Na Rockies 57, manake hata timu ya wachezaji wa kuokota inatakiwa kushinda 48.